Kosa la Merkle na Sheria ya Kituo

Mchezo wa softiboli, ulioasisiwa na George Hancock mjini Chicago mwaka 1887, umerithi kwa mzazi wake, besiboli, kanuni isemayo kwamba mkimbiaji aliyelazimika kukiacha kituo chake kwa kuwa mpigaji naye amekuwa mkimbiaji, akitolewa kwa lazima hiyo, naye akawa wa tatu kutoka, basi pointi ya mwenziwe ni batili, hata akiwa amekwisha kufika nyumbani.

Ada ya wachezaji ilikuwa kuipuuza, hata siku ya Septemba 23, 1908, mjini New York, ambapo timu ya besiboli ya Giants, wakiwa sare 1-1 na Cubs wa Chicago, walipata pigo la ushindi, na mkimbiaji wao kijana Fred Merkle, mwenye umri wa miaka 19, alipouona umati ukimiminika uwanjani, akageuka njiani pasipo kukigusa kituo cha pili. Johnny Evers wa Cubs, aliyedai haki kama hiyo Pittsburgh mwezi uleule asisikilizwe, akautaka mpira, akakikanyaga kituo. Na mwamuzi Hank O'Day, yuleyule aliyemkatalia kwanza, safari hii akamtoa Merkle, akawa wa tatu kutoka, pointi ikawa batili na sare ikabaki. Mechi ikarudiwa Oktoba 8, Cubs wakashinda 4-2. Magazeti yalimwita Merkle mpumbavu, nayo ilikuwa dhuluma, kwani alifuata mazoea ya wakubwa zake.

Ama mkimbiaji akikiruka kituo na kuendelea, mwamuzi hunyamaza, mithili ya kadhi asiyehukumu pasipo mdai, mpaka walinzi walete dai; na kituo hicho kikiwa ndicho alicholazimika kukiendea, hukumu ni ileile ya Merkle.