Punguzo la bei kwa wazee: Sheria inasema nini, na mteja wa siku nyingi hupata nini?

MZEE aliyetimiza miaka 60 jijini Eldoret anatambuliwa na Katiba, lakini hakuna sheria inayomlazimu mwenye supamaketi, matatu au duka la dawa kumpunguzia bei hata kwa senti moja.

Kifungu cha 260 cha Katiba ya 2010 kinaeleza kuwa mzee ni mtu aliyezidi umri wa miaka 60. Kifungu cha 57 nacho kinaitaka Serikali kuhakikisha kuwa wazee wanaishi kwa hadhi na heshima, na kwamba wanapata matunzo na usaidizi ufaao kutoka kwa jamaa zao na kwa Serikali. Kampuni hazikutajwa popote katika kifungu hicho. Kwa hivyo punguzo lolote analopewa mzee dukani ni hisani tu, na hisani huondolewa wakati wowote apendao mtoaji.

Jambo hili lina uzito kwa sababu ya pengo la miaka 10. Watumishi wa umma hustaafu wakiwa na miaka 60, umri uliopandishwa kutoka 55 mwaka 2009. Malipo ya Serikali kwa wazee chini ya mpango wa Inua Jamii, Sh2,000 kwa mwezi, yalipopanuliwa mwaka 2018 yaliwalenga waliofika miaka 70. Katikati hapo, mzee wa Langas au Huruma asiye na pensheni hutegemea shamba, kibanda au watoto, ilhali shinikizo la damu na kisukari havisubiri umri wa kulipwa.

Ufilipino ilichagua njia nyingine. Tangu 1992 sheria ya huko inawapa waliotimiza miaka 60 punguzo la asilimia 20 kwa dawa, nauli, mikahawa na huduma nyinginezo, na mwenye biashara huruhusiwa kulihesabu punguzo hilo kama gharama anapokokotoa kodi. Tuseme mzee hununua dawa za Sh1,500 kila mwezi: angebaki na Sh300 mfukoni. Kwa anayepokea Sh2,000 kwa mwezi, hizo si pesa kidogo.

Hapa kwetu mzee hupata kile anachopata mteja yeyote wa siku nyingi, yaani pointi. Safaricom ilianzisha pointi za Bonga mwaka 2007, mteja akipata pointi moja kwa kila Sh10 alizotumia. Mwaka 2020, wakati wa janga la corona, kampuni hiyo iliruhusu pointi zitumike kununua bidhaa madukani, kila pointi ikiwa na thamani ya senti 30. Aliyetumia Sh1,000 kwa simu alikuwa amejiwekea Sh30, yaani asilimia tatu. Si haba, ingawa wengi hawajui hata wana pointi ngapi.

Udhaifu wa pointi ni kuwa thamani yake huamuliwa na aliyezitoa. Mwaka 2022 Safaricom ilitangaza kwamba pointi zilizozidi miaka mitatu zingefutwa kuanzia Januari 2023, na tangazo hilo likazua malalamishi mengi. Nakumatt, iliyokuwa na tawi Eldoret na kadi yake ya pointi, iliwekwa chini ya msimamizi mwaka 2018, na mwaka 2020 wadai wake wakapiga kura ifungwe. Kadi zilibaki katika pochi za wateja, lakini duka la kuzitumia halikuwepo tena.

Wahenga walinena kuwa mgeni njoo, mwenyeji apone. Katika biashara ya sasa aghalabu mgeni huja akapona peke yake: ofa hutangazwa kwa anayejiunga, naye mwenyeji akaendelea kulipa bei ya zamani kimya kimya. Nchini Uingereza shirika la Citizens Advice lilikadiria mwaka 2018 kuwa wateja waaminifu katika sekta tano, zikiwemo simu, bima na mikopo ya nyumba, walikuwa wakitozwa ziada ya pauni bilioni 4.1 kwa mwaka. Tangu Januari 2022 kampuni za bima ya magari na nyumba huko haziruhusiwi kumtoza anayehuisha bima bei inayozidi ya mteja mpya. Kanuni ya aina hiyo haipo Kenya. Kilichopo ni uhuru wa kuhama. Kwa mfano, tangu Aprili 2011 mtu anaweza kubadilisha kampuni ya simu bila kupoteza nambari yake. Lakini mwenye umri mkubwa ndiye mgumu zaidi kuhama, na kampuni zinalijua hilo.

Bima ndipo mahali ambapo ukongwe wa mteja una faida ya kweli, na hatari pia. Mwenye gari asiyedai fidia mwaka mzima kwa kawaida hupunguziwa ada anapohuisha bima. Katika bima ya matibabu mambo ni magumu zaidi: ada hupanda kadiri umri unavyosonga, na kampuni nyingi huweka ukomo wa umri kwa anayejiunga mara ya kwanza. Aliyejiunga akiwa na miaka 50 huenda akaendelea kuhudumiwa hadi uzeeni. Aliyeiacha bima yake ikatike akiwa na miaka 66 hurudi mlangoni kama mgeni, na huenda asifunguliwe. Katika bima ya umma, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na mchango hutegemea kipato cha mtu, wala si umri wake au miaka aliyochangia.

Sokoni kuna utaratibu wa kale usioandikwa popote. Muuzaji wa mahindi humjazia kastoma wake gorogoro hadi ifurike, akaongeza konzi juu, na mwisho wa mwezi humkopesha bila riba. Hakuna kadi wala pointi, na mwenye kibanda humjua mzee kwa jina. Supamaketi haiwezi kuiga hayo, ila inaweza kusoma tarehe ya kuzaliwa kwenye kitambulisho cha taifa bila gharama yoyote.

Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata maelezo anayohitaji ili afaidike nazo kikamilifu. Kwa mintarafu hiyo, mzee ana haki ya kuuliza pointi zake ni ngapi na zinaisha lini, na kuomba ofa ya mteja mpya kabla ya kuhuisha mkataba. Bima ya matibabu nayo isikatizwe kabla ya kampuni nyingine kukubali kwa maandishi kumpokea.