Wakazi wa Makoko na Daftari la Sensa

Makoko ni kata ya Manispaa ya Musoma, mkoani Mara, kando ya Ziwa Viktoria, katika nchi ya asili ya Wakwaya. Anayetaka kujua jamii ya kata hiyo imeundwa na watu gani hatapata jibu katika sensa. Nchini India, taarifa za sensa huonyesha mpaka ngazi ya kijiji idadi ya watu wa matabaka na makabila yanayotambuliwa na katiba. Tanzania ilichagua njia nyingine: baada ya sensa ya 1967, karani haulizi tena kabila wala dini. Uamuzi huo ulilifaa taifa, ila ulimwachia mwanahistoria kazi ya kutafuta habari hizo kwingine.

Wakwaya walikuwa wakulima na wavuvi waliofuga pia, na lugha yao iko karibu sana na Kijita na Kiruri. Mwanaanthropolojia Hugo Huber, katika kitabu chake cha 1973 kuhusu ndoa na familia Bukwaya, aliwaeleza kama watu waliohesabu ukoo kwa upande wa mama, ingawa mke alihamia kwa mume. Hapo ndipo penye mvutano. Baba huishi na watoto na kuwalea, lakini ukoo wao uko kwa mjomba, na mjomba huyo huenda anakaa kijiji kingine kabisa. Kwa hiyo kaya moja ya Kikwaya ilikusanya watu wa koo tofauti chini ya paa moja, wakati ndugu wa ukoo mmoja walitawanyika vijiji vingi. Kwa Wakuria na Wajaluo wa upande wa kaskazini mambo ni kinyume: mtoto ni wa baba. Familia za mila hizo mbili zilipooana mjini Musoma, suala la mtoto ni wa nani lilihitaji mazungumzo marefu kuliko hesabu ya ng'ombe wa mahari.

Mjini walikuja pia Wazanaki, Wajita na Wasukuma. Boma la Wajerumani, kisha utawala wa Waingereza, viliwavuta makarani, askari na wachuuzi. Misheni nayo ilileta watu wake. Mapadri Weupe walifungua Nyegina, katika nchi hiyohiyo ya Wakwaya, mwaka 1911. Wamisionari wa Maryknoll kutoka Marekani walifika 1946, na Jimbo Katoliki la Musoma likaundwa 1957. Makoko ikapata seminari ya Mtakatifu Pius wa Kumi pamoja na shule ya lugha, ambako wageni wa ng'ambo hufundishwa Kiswahili. Jambo la kuchekesha kidogo ni kwamba Kiswahili hicho wanafundishwa mahali ambapo wazee wengi walikipata baada ya lugha ya mama.

Ziwa lilifanya yaliyobaki. Biashara ya sangara iliponoga katika miaka ya 1980 na 1990, viwanda vya minofu vilijengwa Musoma, na wavuvi wakaja kutoka mialo mingine.

Hata hivyo, mji haukuumeza mkoa. Kati ya 2012 na 2022 wakazi wa Manispaa waliongezeka kutoka 134,327 hadi 164,172, takriban asilimia 22. Mkoa wa Mara ulitoka 1,743,830 hadi 2,372,015, yaani asilimia 36. Ongezeko kubwa la watu wa Mara bado liko nje ya Musoma.