Kwa Bodaboda Kutoka Busia: Pumzi ya Mtoto

Barabara ya Mackinnon na Sclater ilikomea Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda. Ilianza kukatwa mwaka 1890, ikapanda kutoka Mombasa takribani kilomita 970, njia ya mikokoteni ya ng'ombe. Leo mpakani unachokiona ni foleni ya malori, na vijana wa bodaboda, kazi iliyopatia jina lake huku huku mpakani, tangu siku za baiskeli zilizovusha watu kutoka boda hadi boda. Nilipanda pikipiki ya mmoja wao kuelekea Tororo, upande wa Uganda. Mama mwenye uchungu usiku hukaa kiti hiki hiki, na nilitaka kujua mtoto wake akizaliwa bila pumzi ana muda gani.

Mwaka 1969, huko St. Louis, Marekani, John Olney aliwadunga vitoto vya panya glutameti, kemikali ambayo seli za ubongo huitumia kupashana habari. Ikizidi, aliona, seli hufa kwa kusisimuliwa kupita kiasi. Baadaye ukajulikana na mlango wenyewe: kipokezi kiitwacho NMDA, chenye kizibo cha magnesiamu. Hewa ikikatika, seli hukosa nguvu ya kusukuma chumvi zake, glutameti humwagika bila kufyonzwa, kizibo hung'oka na kalsiamu hufurika ndani.

Kwa kichanga hali ni mbaya zaidi, na hapa ndipo roho yangu iliposhikwa. Kizibo chake ni legevu, na mlango ukifunguka hukawia kujifunga, kwa sababu umri ule ni wa kujifunza. Uwazi ule ule unaomsaidia kuitambua sauti ya mama ndio unaopitisha mauti. Hata GABA, kemikali inayoutuliza ubongo wa mtu mzima, kwa kichanga inaweza kusisimua. Ndiyo sababu mojawapo ya degedege la vichanga kukaidi dawa ya fenobabitali.

Lakini seli hazifi zote mara moja. Pumzi ikirudi, nguvu hurejea kwa muda, kisha huporomoka tena saa kadhaa baadaye. Katika pengo hilo, kabla ya kupita saa sita tangu kuzaliwa, nchi tajiri humpoza mtoto kwa mashine ili kuziokoa seli. Hospitali ya Mulago, Kampala, nayo ilijaribu, kwa chupa za maji ya bomba. Matokeo yalitolewa mwaka 2008, watoto 36 tu, wachache mno kukata shauri. Mwaka 2021 jaribio kubwa la India, Bangladesh na Sri Lanka lilionyesha vifo 42 kwa kila mia waliopozwa, dhidi ya 31 kwa wasiopozwa. Siwezi kumtamania mama wa Busia mashine hiyo.

Kinga huanza mapema zaidi, tangu mimba. Vimelea vya malaria hujificha kwenye kondo, linalompitishia mtoto hewa. Tororo na Busia wanawake wajawazito wamejitolea kupima dawa mpya: utafiti wa Tororo ulichapishwa mwaka 2016, wa Busia 2019, na katika tafiti zote mbili dawa hiyo ilipunguza malaria kuliko dawa ya zamani, ingawa kwa Busia matatizo ya uzazi hayakupungua.

Na kuna kilichokuja kwa miguu. Mwaka 1897 msafara wa wamisionari kutoka pwani ulifika Mengo, Kampala ya leo, akiwemo muuguzi Katharine Timpson. Mwaka 1921, akiwa Bi Cook, pamoja na mumewe Albert alifungua Namirembe shule ya wakunga, Lady Coryndon, na mabinti wakatoka humo kuwahudumia wazazi vijijini. Hawakujua kipokezi chochote, lakini mimi naona hakuna mzigo uliopanda kutoka pwani wa thamani kuliko huo.

Mwamba wa Tororo ulipojitokeza mbele, hesabu yangu ilikuwa imebadilika. Muda wa mkunga ni dakika moja: kumkausha mtoto, kumsugua mgongo, na asipolia, kumpulizia hewa kwa mfuko na barakoa. Kifaa hicho hakitaki umeme. Kinataka mkono uliozoea, na barakoa ndogo inayolingana na uso wa aliyezaliwa sasa hivi.