Kuhama si Kuhamahama

Kiswahili kina njia yake ya kumsema mtu asiye na shughuli: hukirudia kitenzi. Anayetembea ana aendako, anayetembeatembea hana. Anayezunguka huenda anatafuta kitu. Anayezungukazunguka anaipoteza siku. Ukimjulia hali kijana akakujibu "nipo nipo tu", huna haja ya kuuliza kama amepata kazi. Kiingereza, kwa shughuli hiyohiyo, hubandika vijineno mkiani mwa kitenzi, na wanafunzi wetu huvikariri kwa taabu usiku wa kuamkia mtihani. Sisi tunarudia tu, na lawama imeshaingia.

Tazama kuomba. Ni kitenzi cha heshima: tunaomba dua, tunaomba radhi, tunaomba ruhusa. Kirudie, ukifanye jina, umempata ombaomba, mtu wa kufukuzwa mlangoni. Hakikuongezwa kitu ila silabi zilezile.

Kuranda nako ni kutembea kwa maringo, na maringo yanataka mtazamaji. Kurandaranda hakuna hata wa kukutazama.

Viko vitenzi vya uvivu visivyohitaji kurudiwa, na katika hivyo ninachokipenda kuliko vyote ni kutegea. Kutega ni kuweka mtego. Anayetegea kazi amejibanza pembeni kama mwindaji, akingoja jembe limwangukie mwenzake. Mvivu wa kweli hulala. Mtegeaji yu macho kabisa, anahesabu nani atainuka kwanza. Ujanja wote huo umebebwa na kiambishi kimoja, na sijaona lugha iliyomsoma mtu huyo vizuri zaidi.

Kubarizi ni jambo la barazani. Wazee wa pwani wakibarizi baada ya alasiri hakuna anayewaita wavivu. Vijana wakikaa vilevile, kwa mazungumzo yaleyale, juu ya mawe mawili ya kando ya barabara, tunasema wako kijiweni, na neno lenyewe linawatia mashakani. Kukaa ni kulekule. Waliobadilika ni wakaaji. Kuvinjari kuna bahati nzuri zaidi: zamani kulikuwa ni chombo cha majini kuzunguka huku na huko kikilinda, leo ni kupitapita katika intaneti, na mtu anaweza kuvinjari kutwa nzima asionekane mzururaji.

Kuzurura ndiko kuzito. Sikioni kunakaa jirani na kuzuru, neno la Kiarabu la kutembelea watu na makaburi ya wema, lakini mmoja anapokelewa kwa kahawa na mwingine kwa pingu. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, katika vifungu vya 176 na 177, iliwafanya wazembe na wazururaji kuwa wahalifu kwa kuonekana tu hawana njia ya kujikimu. Mwaka 1983, Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, ikaja Sheria ya Nguvu Kazi, na watu waliokamatwa Dar es Salaam wakarudishwa vijijini kulima. Tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za namna hii zinakwenda kinyume na Mkataba wa Afrika wa haki hizo, kwa sababu zinamwadhibu mtu kwa hali yake badala ya tendo lake. Wapenzi wa lugha wangeweza kuliona hilo kwenye kamusi: kuzurura hakutaji tendo lolote baya. Kunataja tu kwamba msemaji hajui mwenzake anakwenda wapi.

Hapo ndipo ninapoifikia Nainokanoka, kwa wafugaji wa Ngorongoro, watu ambao wasemaji wengi hawajui wanakwenda wapi.

Asubuhi ukungu wa kreta ya Olmoti haujainuka, layoni, mvulana wa Kimaasai mchunga ng'ombe, amesimama kwa mguu mmoja, fimbo kwapani, shuka imefika shingoni. Mgeni aliye kwenye gari atasema "amesimama tu". Lile "tu" ni kosa. Masikio ya mtoto yako kwenye kengele ya ng'ombe anayeongoza, maana macho hayafiki popote katika ukungu ule. Kengele ikinyamaza, atajua kundi limesita, na atajua ni upande gani wa kukimbilia. Kiswahili kina kitenzi chake kamili, kuchunga, na hatuna haja ya kutafuta kingine.

Mtoto huyohuyo kwenye daftari la mahudhurio ameandikwa mtoro. Pwani, katika karne ya 19, watoro walikuwa watumwa waliowakimbia mabwana zao. Mtoro hutoroka, huyu ametumwa na baba yake. Daftari lingeandika "hayupo", ukweli ungetosha, na mwalimu angejua wa kuzungumza naye ni nani.

Lakini kosa kubwa ni "wafugaji wa kuhamahama". Tunaliandika katika ripoti, hotuba na vitabu vya jiografia bila kusikia tunachosema. Kwa kurudia kitenzi tumewaweka wafugaji pamoja na ombaomba na warandarandaji. Nyumbu wanapozaa katika tambarare za Ndutu, mwanzoni mwa mwaka, mfugaji wa Ngorongoro huwaweka ng'ombe wake mbali na malisho yale, kwa kuwa ndama wa nyumbu huwaambukiza ng'ombe ugonjwa unaoua. Anajua mwezi, anajua bonde, anajua maji yako wapi kiangazi. Huyo anahama. Kisha anarudi, na baadaye anahama tena, kwa sababu nyingine. Na kwa kuwa familia nyingi za Ngorongoro zilipelekwa Msomera, wilayani Handeni, kuanzia mwaka 2022, tunajua pia uzito wa silabi katika kitenzi hiki: kati ya kuhama na kuhamishwa kuna swali la nani aliyeamua.

Yamependekezwa majina mengine. "Ufugaji huria" unaficha kwamba kuna sheria za wazee kuhusu nani achunge wapi na lini. "Ufugaji wa asili" unataja ukale tu, hautaji utaratibu. Mimi ninapendekeza ufugaji wa zamu, maana malisho hupumzishwa kwa zamu, na zamu ni neno ambalo kila muuguzi na kila mlinzi analielewa. Mtu mwenyewe tumwite mfugaji mhamaji. Na boma la muda la kiangazi tuliite ronjo, kama linavyoitwa hukohuko kwa wafugaji, kwa kuwa "kambi" inanuka jeshi na ukimbizi. Baraza la Kiswahili la Taifa likiingize kidahizo hicho kamusini.

Tangu mwaka 2021 sheria zetu zinatakiwa kuwa kwa Kiswahili, na wafasiri wako kazini. Wewe unayefasiri, unayehariri gazeti au unayetunga kitabu cha darasa la tano: ukifika kwenye wafugaji, andika "hama" mara moja.