Dakika moja ya katuni, siku tano za kurenda

Kurenda, yaani kompyuta kuchora kila picha ya katuni hadi ikamilike, ni kazi ya hesabu. Sekunde moja ni picha 24, kwa hivyo dakika moja ni picha 1,440. Picha moja ikichukua dakika 5, hizo ni saa 120: siku 5, usiku na mchana.

Mwaka 2018, kikundi chetu cha wanafunzi wanne huku Machakos kilipiga hesabu hiyo kikiwa kimechelewa. Tulikuwa tumeiagiza Blender itoe faili moja ya video. Usiku wa pili stima zikapotea, faili ikaharibika. Zilibaki siku nne tuwasilishe.

Dawa yenyewe ni ya zamani. Pixar, wakitengeneza Toy Story (1995), waligawia picha kompyuta zaidi ya 100. Hata Elephants Dream ya mwaka 2006, filamu ya kwanza ya mradi wa Blender (programu iliyokombolewa kwa michango ya yuro 100,000 mwaka 2002), ilirendwa kwenye kompyuta nyingi.

Nasi tukagawana: laptopu nne, picha 360 kila moja, kila picha faili yake ya PNG. Stima zikipotea, unapoteza picha moja tu.

Kumbe laptopu moja ilikuwa na Blender 2.78, zingine 2.79 yenye rangi za Filmic. Robo ya katuni ikatoka na mwanga mkali ajabu! Tulizirudia zote 360, tukawasilisha asubuhi ya mwisho.