Kesho Isiyokuwa na Serikali

Mwaka 2000, Jopo la Kimataifa la Mabadiliko ya Tabianchi, IPCC, lilitoa kitabu kuhusu moshi ambao dunia itautoa hadi mwaka 2100. Ndani yake mlikuwa na senario 40, yaani sura 40 za namna mambo yanavyoweza kwenda: watu watakuwa wangapi, watakuwa na mali kiasi gani, watachoma makaa ya mawe na mafuta kiasi gani. Lakini ukizipekua zote arobaini hutakuta hata moja ambamo serikali zinakaa chini na kupitisha sera mpya ya kuokoa hali ya hewa. Mkataba wa Kyoto ulikuwa umekwishapatikana tangu 1997. Ndani ya kitabu, ni kama haukuwahi kuwepo.

Ndugu msomaji, usidhani wataalamu walisahau. Waliagizwa hivyo. Na kisa cha agizo hilo kinatuhusu sisi tunaojifunza kuandika, maana ni kisa cha waandishi pia.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1972 Donella Meadows na wenzake wa chuo cha MIT, Marekani, waliichukua dunia nzima wakaitia kwenye kompyuta, wakauliza itakuwaje tukiendelea kuzaana, kulima na kuchimba kama tunavyofanya. Watu walibishana mpaka koo zikakauka. Mwaka huohuo, nje kidogo ya Vienna, Austria, ilizaliwa taasisi iitwayo IIASA. Vita Baridi ilikuwa bado ipo, lakini pale Warusi na Wamarekani walifanya utafiti pamoja. Mchumi Mmarekani William Nordhaus alikuwa pale mwaka 1975, akipiga hesabu ya hewa ukaa. Yeye alilitazama jambo hili kwa jicho la mchumi: kama moshi unaleta hasara, basi anayeutoa atozwe. Mwaka 2018 alipewa Tuzo ya Nobel ya uchumi kwa kazi iliyoanzia huko.

Sasa hebu tuone mashine hizi zinavyofanya kazi. Hesabu ya msingi si ngumu. Chukua idadi ya watu, zidisha kwa pato la kila mtu, zidisha kwa nishati inayotumika kupata pato hilo, zidisha tena kwa moshi unaotoka katika nishati hiyo. Mjapani Yoichi Kaya ndiye aliyeipanga hivyo, na hesabu hiyo ina jina lake hadi leo. Shida ni kwamba hakuna anayejua namba hizo zitakuwa ngapi mwaka 2100. Basi unafanyaje? Unabuni hadithi.

Ndiyo, hadithi! Timu ya kitabu cha mwaka 2000, iliyoongozwa na Nebojsa Nakicenovic wa IIASA, iliandika masimulizi manne kabla ya kukokotoa. Katika moja, uchumi unakua mbio na teknolojia inasambaa kila mahali. Katika jingine, kila eneo linajifungia kwake na watu wanazidi kuongezeka. La tatu ni dunia inayojali mazingira kwa umoja, na la nne ni dunia inayotafuta suluhisho mtaa kwa mtaa. Kompyuta zilikuja baadaye, kuyageuza masimulizi kuwa namba.

Kwa nini basi sera za tabianchi zilifungiwa nje? Sababu ilikuwa na mantiki. Ukitaka kujua dawa imesaidia kiasi gani, sharti ujue mgonjwa angekuwaje bila dawa. Lakini angalia kilichotokea. Katika masimulizi hayo serikali iliruhusiwa kujenga shule, kusambaza teknolojia, hata kudhibiti moshi wa salfa unaochafua miji. Jambo moja tu ilikatazwa: kujali joto la dunia. Hiyo ni serikali gani, jamani? Katika maisha, sera haziji zimetengwa kwenye makopo. Anayejenga reli anagusa moshi, anayesomesha wasichana anagusa moshi.

Baadaye utaratibu ukabadilika. Kufikia 2011 kulikuwa na njia nne mpya, zilizoanzia mwisho: kwanza unachagua kiwango cha kupasha joto utakachofikia, halafu unatafuta njia ya kufika. Njia ya chini kabisa haikuweza kufikiwa bila sera kali. Kisha zikaja hadithi tano, zilizochapishwa kikamilifu mwaka 2017, na kando yake fungu la makisio ya sera: nchi zipi zitaanza kupunguza, lini, na zipi zitasubiriwa. Serikali hatimaye ikaingizwa kwenye hadithi.

Lakini iliingia imevaa nguo moja tu, nayo ni bei. Katika modeli nyingi, kusema "serikali zimeamua" maana yake ni kupandisha bei ya kaboni mpaka moshi ushuke. Ni njia rahisi kukokotoa. Tatizo ni kwamba historia haikutembea hivyo. Mwaka 2000 Ujerumani ilipitisha sheria ya kuwahakikishia bei nzuri wanaozalisha umeme wa jua na upepo. Baadaye viwanda vya China vikamwaga paneli sokoni. Gharama ya umeme wa jua ikaanguka kwa asilimia 85 kati ya 2010 na 2019, na modeli nyingi zikaachwa kwenye mataa zikiendelea kuihesabu kuwa ghali. Sera iliyobadilisha mambo haikuwa kutoza moshi tu. Ilikuwa pia kukibeba kitu kichanga mpaka kisimame.

Na sisi tuko wapi katika hesabu hizi? Mwaka 2024 watafiti wa India, akiwamo Tejal Kanitkar, walichapisha uchunguzi wa senario 556 zilizotumika katika ripoti ya sita ya IPCC. Waligundua kwamba hata kufikia 2050, pato la mtu wa Afrika kusini mwa Sahara linabaki chini ya wastani wa dunia, kama linavyobaki pia la mtu wa Asia ya Kusini. Hakuna aliyekaa akapanga tubaki maskini. Mashine huwa inaambiwa itafute njia ya gharama ndogo kwa dunia nzima. Haki haikuandikwa kwenye maagizo, na mashine haijiongezi.

Sisemi tuzitupe. Bila modeli hizi tusingejua tofauti kati ya ahadi na vitendo. Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, lenye makao yake Gigiri, Nairobi, ni mmoja wa wazazi wawili walioianzisha IPCC mwaka 1988. Tangu 2010 hutoa ripoti inayolinganisha sera zilizopo, ahadi zilizotolewa, na kinachotakiwa. Ile ya 2024 ilisema kwamba kwa sera zilizokuwepo, joto lingepanda hadi nyuzi 3.1 katika karne hii. Ahadi ya Paris ya 2015 ilikuwa kubaki chini kabisa ya 2. Pengo hilo ndilo kipimo cha maneno yetu.

Ila tukumbuke namba hizo zilianzia wapi: kuna mtu alikaa mezani akaandika kisa cha kesho, akaamua serikali ifanye nini na nani asubiri. Modeli nyingi zimetengenezwa Ulaya, Marekani na Japani, na mwandishi huandika anachokijua. Wenzangu mnaopenda hesabu, ingieni humo. Na ninyi mnaopenda kusimulia msidhani mmebaki nje, kwa sababu kazi ile huanza na simulizi, na la kwetu bado halijaandikwa vya kutosha.