Fedora ya zamani au mpya? Mambo ya kuzingatia kabla ya kununua chepeo ya kwanza

ANAYETAKA kununua kofia ya fedora kwa mara ya kwanza hukabiliwa na swali ambalo hata wavaaji wa miaka mingi hawajaafikiana kulihusu. Je, atafute kofia ya zamani, iliyotengenezwa enzi ambapo mwanamume wa mjini hakutoka nyumbani bila chepeo, ama anunue mpya iliyotoka kiwandani majuzi?

Wanaotetea za zamani hushikilia kwamba ya kale ni dhahabu. Wanaopendelea mpya hujibu kwamba kofia iliyokaa miaka mingi kichwani mwa mtu mwingine haiwezi kumkaa vyema mnunuzi wa leo. Pande zote mbili zina ukweli, lakini umri pekee si kipimo cha ubora. Kinachoamua ni malighafi iliyotumiwa, jinsi kofia inavyokaa kichwani na hali yake siku inaponunuliwa. Asiyejua kuyachunguza hayo matatu anaweza kupunjwa dukani sawa na sokoni.

Asili ya fedora

Fedora ni chepeo ya felti ambayo kilele chake kimebonyezwa bonde kwa urefu na kufinywa mbele, pande zote mbili. Utepe huzunguka kilele hicho, na ukingo wake ni laini kiasi cha kuweza kuinamishwa mbele. Felti yenyewe haifumwi. Hutengenezwa kwa kushikamanisha manyoya au sufu kwa maji moto, mvuke na kusuguliwa hadi nywele zisokotane na kuwa kitu kimoja.

Jina hilo lilitoka jukwaani. Mwaka 1882 mwandishi Mfaransa Victorien Sardou alitoa mchezo wa kuigiza uitwao Fédora jijini Paris. Mwigizaji mashuhuri Sarah Bernhardt, aliyecheza nafasi ya binti wa ukoo wa kifalme mwenye jina hilo, alivaa kofia laini, na wanawake wakaanza kumuiga. Wanaume waliitwaa baadaye, hasa katika miaka ya 1920 baada ya kuvaliwa na Edward, mrithi wa ufalme wa Uingereza wakati huo.

Kutoka hapo hadi miaka ya 1950, fedora ilitawala miji ya Ulaya na Marekani. Filamu nazo ziliikuza. Picha ya Humphrey Bogart katika Casablanca ya mwaka 1942 ingali inatajwa kila kofia hii inapozungumziwa.

Humu nchini, chepeo ya felti imekuwa vazi la heshima la wazee katika sehemu nyingi. Hayati Raila Odinga, aliyefariki India mnamo Oktoba 15, 2025, alitambulika kwa kofia zake. Mwili wake ulipowasili Nairobi siku iliyofuata, kofia yake ilirejea pamoja naye na kukabidhiwa mjane wake, Ida. Waliotazama hawakuhitaji kuelezwa maana ya kitendo hicho.

Kwa nini za zamani husifiwa

Sifa za kofia za zamani zina msingi. Wakati wa ushindani mkubwa wa biashara, viwanda kama vile Borsalino, kilichoanzishwa mwaka 1857 mjini Alessandria, Italia, na Stetson, kilichoanza mwaka 1865 mjini Philadelphia, Marekani, vilikuwa na mafundi wengi waliobobea. Felti yao ilitengenezwa kwa manyoya ya sungura au ya biva, mnyama wa mitoni ambaye manyoya yake hushikamana vyema kuliko mengi. Matokeo yake yalikuwa kofia nyepesi, laini na yenye kudumisha umbo.

Kisha soko likaporomoka. Inadaiwa mara kwa mara kwamba Rais John F. Kennedy ndiye aliyeiua kofia kwa kuapishwa kichwa wazi mwaka 1961. Ukweli ni kwamba siku hiyo alikwenda na kofia ndefu ya sherehe, na mauzo ya kofia yalikuwa yameanza kushuka kabla yake. Watu wengi walikuwa wakisafiri kwa magari yenye paa la chini, na vijana hawakutaka tena kuvaa kama baba zao.

Viwanda vilipofungwa, ujuzi ulipotea navyo. Kile cha Stetson cha Philadelphia kilifungwa mwaka 1971. Siku hizi ni viwanda vichache tu ulimwenguni vinavyotengeneza felti ya manyoya kwa wingi, kikiwemo Tonak cha Jamhuri ya Cheki na Fepsa cha Ureno, ambavyo huuzia watengenezaji kofia wengine.

Hii ndiyo sababu mnunuzi hafai kudanganywa na jina. Majina mengi ya kale yaliuzwa na kununuliwa. Stetson ya leo, mathalani, hutengenezwa na kampuni ya Hatco huko Garland, Texas. Hilo halimaanishi kuwa kofia hizo ni mbaya, bali kwamba jina lile lile halithibitishi tena kiwanda kile kile wala felti ile ile.

Madhara yaliyofichika

Uzuri huo wa kale ulikuwa na gharama ambayo waliovaa kofia hawakuilipa. Ili manyoya ya sungura yashikamane, yalipakwa kemikali yenye zebaki. Mafundi walivuta mvuke wake kwa miaka, wakaanza kutetemeka mikono, kupoteza kumbukumbu na kubadilika tabia. Mjini Danbury, jimbo la Connecticut, uliokuwa kitovu cha kofia Marekani, ugonjwa huo ulijulikana kama mtetemeko wa Danbury. Matumizi ya zebaki katika kazi hiyo yalikomeshwa Marekani mnamo Desemba 1941.

Kwa hivyo, kofia ya Marekani iliyotangulia mwaka huo yaweza kuwa bado na mabaki ya zebaki. Anayeimiliki asiipige mvuke wala kuisugua kwa burashi ndani ya chumba kilichofungwa, na asiwaachie watoto waichezee. Mgeni wa kofia hizi atakuwa salama zaidi akianza na zilizotengenezwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia.

Kofia mpya na mitego yake

Kofia mpya ina faida tatu zilizo wazi. Huuzwa kwa vipimo vinavyojulikana, haina jasho la mtu mwingine, na muuzaji aghalabu hukubali irudishwe ikiwa haikai vizuri. Isitoshe, fundi wa kofia aweza kuitengeneza kulingana na kichwa cha mteja.

Tatizo ni kwamba kofia nyingi za bei nafuu madukani ni za sufu ya kondoo, wala si za manyoya. Felti ya sufu huwa nzito zaidi na hukazwa kwa gundi ili isimame. Ikinyeshewa hunywea na ukingo wake kulegea, na kuirejesha katika umbo lake ni kazi. Aliye na kofia kama hii hugundua baada ya msimu mmoja wa mvua kwamba rahisi huwa ghali.

Kwa upande mwingine, fedora mpya ya manyoya kutoka kwa watengenezaji wanaoheshimika hugharimu mamia ya yuro, kabla ya usafirishaji na ushuru. Ndiyo maana kofia ya manyoya ya miaka ya 1950 iliyo katika hali nzuri huweza kumpa mnunuzi felti bora kwa pesa kidogo kuliko mpya ya kiwango hicho hicho.

Mtego mwingine ni wa umbo. Kofia nyingi zinazoitwa fedora si fedora bali ni trilby, ambayo ina kilele kifupi na ukingo mwembamba ulioinuliwa nyuma. Trilby nayo ilipata jina kutokana na mhusika wa kike, katika riwaya ya George du Maurier ya mwaka 1894. Si kosa kuivaa, ila ni vyema mnunuzi ajue anachonunua.

Kipimo kwanza

Kabla ya kutazama kofia yoyote, mnunuzi apime kichwa chake. Utepe wa fundi cherehani uzungushwe katikati ya kipaji na juu kidogo ya masikio, bila kukazwa. Kichwa cha sentimita 57 huvaa namba 7 1/8 ya Marekani, cha sentimita 58 huvaa 7 1/4 na cha 59 huvaa 7 3/8. Namba za Uingereza huwa chini kwa 1/8. Sentimita 58 huko ni 7 1/8. Kuchanganya mifumo hii miwili ni kosa la kawaida la wanaoanza, hasa wanapoagiza kutoka mbali.

Katika kofia kuukuu, namba iliyoandikwa ndani isiaminiwe kikamilifu. Ngozi ya ukanda wa jasho hukauka na kusinyaa, hivyo kofia iliyokuwa 59 huweza kuwa 58. Muuzaji aulizwe kipimo cha sasa cha ndani kwa sentimita. Kofia iliyozidi kidogo hurekebishwa kwa kutia ukanda wa karatasi au sponji nyuma ya ngozi. Iliyo ndogo ni vigumu kuitanua, kwani ngozi kavu hupasuka.

Ukingo nao uzingatiwe. Fedora za miaka ya 1940 aghalabu zilikuwa na kilele kirefu na ukingo wa sentimita 6 hadi 7. Kufikia miaka ya 1960, kingo nyingi zilikuwa zimepungua hadi chini ya sentimita 5. Mwenye uso mpana au mabega makubwa hupendezwa zaidi na ukingo mpana, ilhali ule mwembamba humfaa mwenye umbo dogo.

Namna ya kukagua kofia kuukuu

Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kofia inayong'aa kwa nje yapasa kupinduliwa na kuchunguzwa ndani.

Kwanza, iinuliwe kwenye mwanga. Matobo madogo yanayopenyeza nuru ni kazi ya nondo, na huenda mayai yangali ndani ya felti. Pili, ukanda wa jasho ukunjuliwe polepole. Ikiwa ngozi inavunjika kama gome kavu au imeachana na felti, kubadilisha ukanda huo kutahitaji fundi, na mafundi hao ni wachache. Tatu, utepe utazamwe kwa chini; madoa ya jasho yaliyopenya hadi kwenye felti mara nyingi hayatoki. Nne, mbinyo wa mbele ukaguliwe, kwani hapo ndipo kofia hupasuka kwa kushikwa kwa vidole kila siku.

Nyuma ya ukanda huweza kupatikana ushahidi wa umri. Kofia nyingi za Marekani zilitiwa kibandiko cha chama cha wafanyakazi. Chenye jina United Hatters, Cap and Millinery Workers hakiwezi kutangulia mwaka 1934, ambapo vyama viwili viliungana, wala kuzidi mwaka 1983, chama hicho kilipomezwa na kingine.

Anayetafuta katika masoko ya mitumba kama vile Gikomba atumie ukaguzi huo huo. Chepeo iliyobanwa ndani ya robota kutoka ng'ambo aghalabu huwa imekunjamana, lakini mikunjo si hoja kubwa kwa felti ya manyoya, kwa kuwa mvuke wa birika huilegeza. Asiyejua kutofautisha manyoya na sufu aishike kwa vidole: ya manyoya ni laini na nyororo, ya sufu hukwaruza kidogo na kukataa kukunjika.

Hali ya hewa na utunzaji

Felti hufaa baridi ya Limuru kuliko joto la Mombasa. Anayeishi pwani, au anayetaka kofia ya jua kali, heri atafute yenye umbo la fedora iliyosukwa kwa majani. Ile iitwayo Panama husukwa Ecuador kwa majani ya toquilla, na mwaka 2012 UNESCO iliutambua usukaji huo kuwa urithi wa kitamaduni.

Kofia ya felti isiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani, kwani joto husinyaza ngozi ya ukanda. Ikinyeshewa, ukanda ukunjuliwe nje na kofia iachwe ikauke yenyewe mbali na moto. Inapowekwa mezani ipinduliwe, ikalie kilele, ili uzito usiuharibu ukingo.

Uamuzi

Kwa aliye mgeni kabisa, njia isiyo na majuto ni kuanza na kofia mpya ya bei ya wastani, ikiwezekana ya manyoya, kutoka kwa muuzaji anayekubali kubadilisha. Kofia hiyo humfundisha kipimo chake halisi, upana wa ukingo unaomfaa na kama kweli ataivaa kila wiki au itaning'inia ukutani.

Akishajua hayo, ya pili iwe ya zamani, ya miaka ya 1950 au 1960, iliyokaguliwa kwa makini. Wakati huo atakuwa na macho ya kutambua felti nzuri na ujasiri wa kukataa mbovu. Asisubiri kupata isiyo na dosari hata chembe, kwa kuwa mchagua nazi hupata koroma. Ngozi ikiwa nzima, felti ikiwa haijatobolewa na kipimo kikiwa sawa, doa dogo chini ya utepe halimzuii mtu kuitwaa.